Panya wa Masako na Jina Nililolitaja

Nilianza kazi ya kufundisha sayansi huko Barumbu, ukingoni mwa mto, mwezi wa tisa, mvua ikinyesha. Mkuu wa shule, ambaye kwetu anaitwa prefe, alinipokea akiwa amesimama kwenye baraza ya ofisi, abakosti yake, lile koti la kiserikali la siku zile, imefungwa mpaka kifungo cha juu. Alisoma barua yangu ya kupangiwa kazi, akairudia, kisha akaniuliza kama mwalimu ni mimi mwenyewe au ni mume wangu. Nikamwambia ni mimi.

"Bon, Citoyenne," akasema. Siku zile watu wote nchini tuliitwa Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Kuitana Bwana na Bibi kulikuwa kumekatazwa. "Hapa tunafundisha programu. Ile iko ndani ya programu ni masomo. Ile iko inje ya programu ni politiki. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilimwogopa. Nawaambia hili mapema, ninyi mnaofundisha leo, kwa sababu mnaposikia habari za wakati wetu mnadhani tuliogopa siku mojamoja, siku ya mkasa. Tuliogopa kila siku, siku za kawaida kabisa, na hata hivyo kazi ilifanyika.

Maabara ya Barumbu ilikuwa kabati moja. Ndani yake mlikuwa na mirija mitatu ya kioo, chura ndani ya chupa, na mtungi usio na karatasi ya jina ambao hakuna mwalimu aliyethubutu kuufungua. Nilifundisha kwa vitu vya jikoni. Niliomba matone ya iyodini kwa nesi wa zahanati, nikayadondosha juu ya muhogo uliochemshwa, watoto wakaona muhogo unageuka mweusi wa kibuluu. Ndiyo alama ya wanga. Nilitaka waone pia jani linavyopoteza rangi yake ya kijani, na kwa hilo unahitaji pombe kali. Pombe kali tuliyokuwa nayo ni lotoko, ambayo kuipika kulikatazwa na serikali. Kwa hiyo somo la jani nililifanya mlango ukiwa umefungwa, mwanafunzi mmoja akisimama dirishani kuangalia nani anapita.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Kisangani, mimi na wanangu, kwenye shule ya sekondari ya wasichana, kufundisha mchepuo wa biolojia na kemia. Prefe wa pale alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, anayependa utaratibu. Kila asubuhi mbele ya bendera tuliimba nyimbo za Chama na kupiga makofi, naye alipita katikati ya mistari akisikiliza. Kulikuwa na mwalimu wa historia aliyekuwa anachezesha midomo tu bila kutoa sauti. Jumatatu moja hakuwepo. Vipindi vyake viligawiwa wengine, na hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyekuwa nakaa naye meza moja.

Wasichana wangu, ukiwauliza wanataka kazi gani, walijibu nesi, mwalimu wa msingi, au mke wa ofisa. Si kwamba hawakuwa na akili. Hawakuwa wameona mwanamke akifanya kazi nyingine. Basi nikaanza kuwaletea watu. Alikuja mama mmoja wa maabara ya hospitali na vioo vyake vya damu. Alikuja mzee anayepima kina cha mto ili meli zisipande mchangani, akawaonyesha kamba yake yenye mafundo. Alikuja mtaalamu wa kilimo na kahawa zenye ugonjwa. Wasichana waliuliza maswali mpaka kengele ikasahauliwa. Hapo nikaona kuwaletea watu hakutoshi, inafaa wao wenyewe wafanye jaribio la kweli, refu, ambalo jibu lake mimi pia silijui.

Nilichagua panya wa msitu wa Masako, kilomita kumi na nne kwa barabara ya zamani ya Buta, mahali ambapo watu wa chuo kikuu walikuwa wanafanya utafiti wao. Swali letu lilikuwa jepesi: kwenye kipande kimoja cha msitu kuna panya wangapi? Huwezi kuwahesabu kwa macho. Unawakamata kwa mtego usioua, unawatia alama, unawaachilia. Ukirudi siku nyingine unakamata tena na kuangalia ni wangapi wana alama. Kutokana na hapo unapiga hesabu. Alama zetu, kama ilivyokuwa desturi ya kazi hiyo, zilikuwa kukata ncha ndogo ya kidole cha mguu wa nyuma. Mguu wa kushoto, gauche, ulikuwa makumi; wa kuume, droite, ulikuwa mamoja. Panya wa G2 D4, aliyekatwa kidole cha pili kushoto na cha nne kuume, ni namba ishirini na nne.

Wasichana sita walijitolea. Aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote ni Zaina, mwenye miaka kumi na saba, wa mwaka wa tano wa sekondari, mtoto wa Papa Ramazani, seremala wa karibu na msikiti. Ukoo wao ulikuwa mjini tangu enzi za babu wa babu zao, watu wa misafara. Nilikwenda kwa baba yake kumwomba ruhusa, na kumwomba pia atutengenezee mitego ya mbao.

Papa Ramazani aliweka randa chini. "Mama Prof, mutoto mwanamuke kulala mu pori, kwetu haiko," akasema. "Lakini wewe ni mama. Ninamutia mu mikono yako. Mitego nitafanya, hiyo si kitu."

Alifanya ishirini. Kila mwisho wa mwezi tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja, tukalala kijijini kwa katekista, na alfajiri tukaingia msituni kuangalia mitego, chambo chake kikiwa ngazi zilizoiva, yaani matunda ya mchikichi. Zaina aliandika kila kitu katika daftari moja lenye jalada jeusi. Sijawahi kuona watoto wakifurahi vile kwa kazi inayochafua.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, wakati wa kurudi mjini, askari walisimamisha lori kwenye kizuizi. Wasichana walikuwa wamepanda lori la mbele. Mimi nilibaki nyuma na mitego, daftari likiwa ndani ya mfuko wangu. "Fungola saki," akasema askari kwa Kilingala, fungua mfuko. Akatoa daftari, akalisoma kwa kufuata mstari kwa kidole, uso ukabadilika. Alilichukua, akaandika jina langu, akaniruhusu niende. Kesho yake prefe alikuja mwenyewe darasani kunieleza kwamba natakiwa kwenye ofisi fulani mjini. Ofisi ile sitaitaja. Kila mtu aliijua, na watu walivuka barabara ili wasipite mbele yake.

Aliyenihoji walimwita Kapiteni, ingawa hakuvaa sare. Alikuwa na miwani na kucha safi. Daftari lilikuwa mbele yake.

"Poste ya saba iko wapi?" akauliza.

"Ni fasi ya mutego, Citoyen Capitaine. Tunahesabu mitego, poste moja, poste mbili, vile."

"Na hii? Capturé. Relâché. Recapturé. Nani alikamatwa? Nani alimuachilia?"

"Ni panya."

Aliniangalia bila kupepesa. "Mâle, makumi tatu na munane. Mwanaume wa miaka makumi tatu na munane."

"Ni grame, Citoyen Capitaine. Ni uzito yake."

"G mbili, D ine. Groupe mbili, détachement ine."

Nikamweleza kwamba si vikosi vya waasi, ni vidole vya miguu. Nilipokuwa naeleza nilisikia maneno yangu kwa masikio yake, na kwa masikio yake yalikuwa uongo wa kitoto. Kulikuwa pia na ramani ya mistari yetu ya mitego, na barabara ya Buta imechorwa vizuri, na daraja. Ilikuwa kazi nzuri sana. Ndiyo maana ilitisha.

"Maandiko hii si yako," akasema. "Prefe alinipatia cahier yako, daftari ya masomo. Nani aliandika?"

"Batoto bote."

"Mukono ni moja."

Akavua miwani, akaifuta. "Mutoto yako ule mukubwa anasoma kwa masista, si vile? Anapita njia ya soko. Peke yake."

Hakupandisha sauti wala hakuongeza neno. Nje mtu alikuwa anafagia uani. Nilisikia ufagio ukienda na kurudi, nikawaza njia ile ya soko, na mwanangu na mfuko wake wa vitabu.

Nikasema, "Zaina Ramazani, wa darasa ya tano."

Akaandika, akanishukuru, akanifungulia mlango.

Walikuja kumchukua asubuhi iliyofuata katikati ya kipindi changu, watu wawili, prefe akiwa mbele. Zaina aliposikia jina lake alisimama, akafunga kalamu yake, akanitazama mimi kuona kama aende. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake chumbani mle. Nikamwashiria kwa kichwa aende. Akaenda. Niliendelea kufundisha mpaka kengele, na hadi leo sikumbuki nilifundisha nini.

Mchana Papa Ramazani alikuja nyumbani kwangu, vumbi la mbao bado liko mikononi. Alikuwa ametoka kwenye ofisi ile. Hawakumruhusu kumwona mtoto.

"Banasema ni ju ya kitabu ya panya," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Ile mitego nilifanya mimi. Niliwaambia banikamate mimi. Balikataa."

Alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Hakuuliza nani alitaja jina la mtoto, na mimi sikusema. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa chini sakafuni.

Prefe aliniita siku ya pili yake, akanisogezea karatasi nyeupe. "Citoyenne, andika barua. Sema panya haiko mu programu. Sema mutoto alifanya ile kwa akili yake mwenyewe. Uombe musamaha. Alors tutasahau."

Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nilichukua karatasi, nikamwambia nitaandika nyumbani. Sikwenda nyumbani. Msiseme nilikuwa jasiri. Nilihesabu tu kwamba nikiandika barua ile nitakuwa nimemtoa mtoto mara mbili, na mara ya pili kwa maandishi. Nikaenda kwenye ofisi ile kwa miguu yangu, nikaomba kumwona Kapiteni.

Nikamwambia daftari linasema kweli na ukweli wenyewe bado unatembea msituni. Panya wale wapo, alama ziko miguuni. Nitamletea mmoja.

Kisha akapanga masharti, taratibu, kama mtu anayefurahia kazi yake. "Utakamata panya mbele ya basoda wangu, hawa askari. Utasoma namba yake kule kule, utaandika kwa karatasi, soda ataifunga mu enveloppe. Mutoto atasoma ile panya hapa, bila kukuona. Halafu mimi nitafungua kitabu. Kama bitu bitatu binapatana, nitaamini. Kama habipatane, mutabaki hapa bote mbili."

Nimekaguliwa na wakaguzi wengi katika maisha yangu ya kazi. Hakuna aliyepanga jaribio safi kama lile.

Tulikwenda Masako mimi, askari wawili na Papa Ramazani, ambaye alisema mitego yake anaijua yeye. Asubuhi ya kwanza milango miwili ya mitego ilikuwa imefungwa, ndani hamna kitu. Asubuhi ya pili tulipata panya watatu, vidole vyote vizima. Askari walikuwa wanaogopa nyoka na walitaka kurudi. Papa Ramazani aliwapikia lituma, ndizi za kupondwa, wakanyamaza. Mimi na yeye tulikula kwenye sufuria moja na hatukuzungumza zaidi ya mambo ya chambo na kamba.

Asubuhi ya tatu, kwenye mtego wa kumi na moja, alikuwepo. Papa Ramazani alimshika kwa ngozi ya shingo, mimi nikashika miguu. Kushoto, kidole cha pili, kimekatwa. Kuume, kidole cha nne, kimekatwa. Niliandika ishirini na nne, askari akafunga bahasha, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze.

Tulipokuwa kwenye lori nilimwangalia panya ndani ya kizimba. Alikuwa jike, chuchu zilionekana. Na ishirini na nne, nilikumbuka vizuri, alikuwa dume. Wasichana walikuwa wamemcheka siku ile kwa unene wake. Nilikuwa nimeandika kitu ambacho daftari litakikana, na bahasha ilikuwa mfukoni mwa askari. Kilomita zote zile mpaka mjini nilitazama mgongo wa Papa Ramazani mbele yangu. Sikumwambia.

Waliniweka kwenye korido, kando ya mlango ulio wazi, askari pembeni yangu. Nilisikia Zaina akiingizwa. Siku tano alikuwa mle. Nilisikia Kapiteni akipasua bahasha, kisha kizimba kikiwekwa mezani.

"Soma," akamwambia.

Zaina aliomba kitambaa cha kumfungia panya ili asimuume. Kisha akaomba asogee dirishani kwenye mwanga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ni makumi mbili na tatu," akasema. "Mwanamuke."

"Angalia tena."

Nilishika ukuta.

"Makumi mbili na tatu, Citoyen Capitaine. Kidole ya ine imekatika, ni kweli, lakini si sisi. Sisi tunakata ncha kidogo tu, na ngozi inafunga muzuri. Angalia hii ya tatu, ni fupi, imepona zamani. Hii ya ine imeng'olewa, na kidonda iko mupya. Labda mutego, labda nyama ingine ilimuuma."

Nilisikia kurasa zikigeuzwa, moja moja. Kisha Kapiteni akasoma kwa sauti: "Vingt-trois. Femelle. Poste tisa." Ishirini na tatu, jike.

Akaniita ndani. Zaina alikuwa amesimama dirishani, sketi yake ya buluu imekunjamana, panya kifuani. Hakunitazama.

"Citoyenne, wewe uliandika makumi mbili na ine."

"Nilikosea," nikasema. "Yeye ndiye amesoma vizuri."

Kapiteni alitutazama kwa zamu. Nilidhani ndio mwisho wetu. "Kama mulipanga uongo," akasema, "mungesema neno moja. Wewe umekosea, mutoto amekusahihisha, na kitabu iko pamoja na mutoto. Donc ni panya kweli." Akafunga daftari, akalitia kwenye droo. "Hii inabaki hapa. Mukwende."

Ndivyo tulivyotoka. Daftari halikurudi, na kazi ya miezi mitano ilipotea nalo. Prefe alipiga marufuku safari zote na mitego ikakatwa kuni.

Wiki moja baadaye nilikwenda kwenye karakana ya Papa Ramazani. Nilikuwa nimeyarudia maneno njiani mara nyingi. "Papa, jina ya Zaina, ni mimi nilitaja."

Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha. "Ninajua. Kapiteni aliniambia siku ya kwanza."

Nikakosa pa kutazama. Alikuwa amelala kijiji kimoja nami, amekula sufuria moja nami, siku tatu, akijua. Nikamuuliza kwa nini alikuja.

"Nilikuwa na lazima ya mutu anajua kukamata panya," akasema. "Zaina atarudi mu masomo yako, yeye mwenyewe anataka. Lakini hatalala tena inje pamoja na wewe."

Zaina alirudi, akakaa kiti kilekile, akamaliza sekondari. Aliniheshimu kama kawaida, na hakuja tena mezani kwangu baada ya kipindi kuuliza lolote. Baadaye nilisikia amesomea kazi ya maabara.

Mimi niliendelea. Niliogopa, nikaendelea. Mwishoni mwa utumishi nilifanywa mkaguzi wa masomo ya sayansi, nikazunguka shule za mbali kwa pikipiki na mtumbwi. Sikuwauliza walimu wamefika ukurasa gani. Niliwauliza watoto wamegusa nini kwa mikono yao mwaka huu. Wengine walinionyesha muhogo na iyodini, nikafurahi kimoyomoyo.

Barua ya kustaafu ilipofika nilikwenda hospitali anakofanya kazi Zaina. Nilimkuta mbele ya darubini, akitafuta vijidudu vya malaria kwenye damu, nywele zimeanza mvi. Niliomba msamaha niliopaswa kuomba tangu zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mkono kutoka kwenye kioo.

"Mama Prof," akasema, "ile siku karatasi yako ilikuwa juu ya meza, wazi. Niliona umeandika makumi mbili na ine. Nilijua ni maandiko yako."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Alikuwa na jibu mbele ya macho yake, la mwalimu wake. Alihitaji kulirudia tu.

"Ju ya nini haukusema vile vile?" nikamuuliza.

"Haikukuwa makumi mbili na ine," akasema, akarudi kwenye darubini yake, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanangoja nje.

Sasa nimekaa nyumbani, na walimu vijana wanakuja kuniuliza kama inafaa kuwatoa watoto darasani, kuwapa majaribio magumu, kuwaonyesha kazi ambazo wazazi wao hawazijui. Nawaambia inafaa, wapelekeni. Nawaambia pia kwamba mtoto uliyempeleka ni wako mpaka arudi kwao, na kwamba kabla ya kuondoka ujiulize utasema nini ukiulizwa jina lake na mtu mpole mwenye kucha safi. Mimi sikujiuliza. Niliwafundisha wasichana wengi kupima, kuhesabu na kuandika walichokiona. Kukisema mbele ya mtu unayemwogopa, hilo sikumfundisha Zaina. Nililisikia kutoka kwake, nimesimama kwenye korido, nimeshika ukuta.